Safu ya nyuma: kwa nini unaiona ukitajiwa, na inakupita usipotajiwa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Kila usiku kabla ya kulala nafanya mafumbo ya sataranji kwenye simu, kumi au kumi na tano. Nikichagua mada ya chekimeti ya safu ya nyuma, nayapata karibu yote. Lakini mafumbo yakija yamechanganywa, safu ya nyuma hiyo hiyo inanipita mbele ya macho, mpaka nioneshwe jibu ndipo najishika kichwa. Tatizo langu ni nini? Na je, niwe nasogeza askari wa h mapema katika kila mchezo ili mimi mwenyewe nisifungwe?"

Marahaba. Nimefurahi umeuliza kwa usahihi namna hii, maana wengi huniambia tu "mafumbo yananishinda" bila kusema yanawashindia wapi.

Ukichagua mada mwenyewe, simu imeshakunong'oneza nusu ya jibu. Unajua mfalme atafungwa safu ya nyuma, yaani atapigwa chekimeti kwenye safu ya ukingoni anakoanzia, akiwa hana pa kutokea; kilichobaki ni kutafuta kete ya kufika huko. Mafumbo yakichanganywa hakuna wa kukunong'oneza. Inabidi ugundue mwenyewe kwamba safu ya nyuma ni mbovu, kisha ndipo utafute hatua. Hizo ni kazi mbili, na wewe umefanya mazoezi ya moja. Ile nyingine ni ngumu zaidi, na ndiyo utakayoihitaji mbele ya ubao, ambako hakuna anayeandika mada juu.

Jumamosi huwa nafundisha watoto, na nina mazoea ya kutazama macho yao badala ya kutazama ubao. Nikiweka fumbo, macho ya karibu kila mtoto hukimbilia malkia wake: anaweza kula nini, anaweza kutoa cheki, yaani kumtishia mfalme, wapi. Mfalme wa upande wa pili hutazamwa mwisho kabisa, hatua ikiwa imeshachaguliwa. Nakuomba ugeuze mpangilio huo. Fumbo likifunguka, usichukue kete yako yoyote hata kwa mawazo mpaka uwe umemtazama mfalme wa mwenzako na kujibu swali moja: akipigwa cheki kwenye safu aliyokaa, atatokea wapi?

Tukubaliane maneno kwanza ili tusipotezane. Safu ni zile zinazolala, 1 hadi 8. Mistari ni ile inayosimama, a hadi h. Kwa hiyo g8 ni mraba wa mstari wa g, safu ya 8. Askari ni kete ndogo za mbele, ngome inakwenda moja kwa moja, askofu anakwenda mshazari.

Picha ya msingi unaijua: mfalme mweusi yuko g8, askari wake wako f7, g7 na h7. Ngome ya Weupe ikitua e8 bila wa kuila na bila wa kuingia kati, mchezo umekwisha, kwa sababu askari wake mwenyewe ndio wanaomzibia njia. Mada ikishatajwa, hata mtoto wa miaka saba ataiona. Shida ni kwamba mafumbo yaliyochanganywa huificha picha hii kwa namna mbili, na kila moja ina dawa yake.

Namna ya kwanza ni mlango unaoonekana wazi kumbe umefungwa. Chukua mfalme mweusi g8, askari f7, g7, na wa h amekwishasogea h6. Jicho linasema "huyu ana pa kupumulia" na linaondoka. Sasa weka askofu mweupe d3 na ngome nyeupe e1, mstari wa e ukiwa mtupu. Ngome inaenda e8: mfalme hawezi kuingia h7, kwa sababu askofu analitazama shimo hilo kutoka d3 kupitia e4, f5 na g6. Hawezi f8 wala h8, ngome inaipiga safu nzima. Amefungwa, pamoja na mlango wake. Au askari wa g amesogea g6 na askofu mweupe amekaa h6: mraba wa g7 ni mtupu, lakini haukaliki. Kwa hiyo usiulize kama askari amesogea. Uliza kama mraba ule unakalika. Na kumbuka mlango unaweza kuzibwa na kete yake mwenyewe, kwa mfano farasi wake aliyerudi h7 kulinda.

Namna ya pili ndiyo inayowapita watu wengi, na nadhani ndiyo inayokupita wewe. Naiita ulinzi wa uongo.

Weka hii kwenye ubao halisi ukiweza. Weusi: mfalme g8, askari f7, g7, h7, ngome d8, farasi d5, na malkia aliyezama b2 akifukuzia askari. Weupe: mfalme g1, askari f2, g2, h2, malkia f3, ngome e1. Farasi wa d5 anatazamwa na malkia wako mshazari, lakini nyuma yake kuna ngome ya d8 inayomlinda. Mchezaji wa kawaida anahesabu: nikila kwa malkia, naliwa na ngome, nimepoteza malkia kwa farasi, siwezi. Anaendelea kutafuta kwingine. Sasa anza na mfalme. Atatokea wapi akipigwa cheki e8? Hana pa kutokea. Nani analinda e8? Ngome ya d8 peke yake. Basi ngome hiyo ina kazi mbili, kulinda e8 na kulinda farasi, na mtu mmoja halindi milango miwili kwa wakati mmoja. Malkia anakula d5. Ngome ikila malkia, ngome yako inashuka e8 na mfalme amefungwa. Ngome isipokula, umepata farasi bure.

Hatua ya kwanza ya fumbo hili haina cheki, wala haiko safu ya nyuma. Ipo katikati ya ubao, na inaonekana ya kijinga. Ndiyo maana huioni: unapotafuta safu ya nyuma unatazama safu ya nyuma tu, wakati kule ni mahali ambapo kazi inaishia. Ukishajua mlinzi ni nani, zunguka ubao mzima ukiuliza ni kitu gani kingine mlinzi huyo anajidai kulinda. Chochote utakachokikuta, kihesabu kuwa hakina ulinzi.

Waliokulia kwenye drafti wanaelewa hili haraka. Mimi nilianza na vizibo vya soda barazani, na pale tunalishana kete kwa sababu sheria inamlazimisha mwenzako ale, kisha unamvuna mbili tatu. Katika sataranji hakuna kulazimishwa kula. Lakini mfalme akiwa hana mlango, kumlisha mlinzi kunafanya kazi ile ile: akila anaiacha nafasi yake, asipokula amekwishapoteza kitu.

Kuna hesabu moja ndogo ya kuweka hapa, kwa sababu wakati mwingine walinzi ni zaidi ya mmoja. Hesabu kete zako zinazoweza kufika kwenye mraba wa kufungia, kisha hesabu za mwenzako zinazoweza kula hapo. Weupe wana malkia d2 na ngome d1, wamepanga mstari wa d. Weusi wana ngome d8 na nyingine a8, mfalme g8 na askari watatu mbele yake. Washambulizi wawili, na anayeweza kula d8 ni mmoja, ngome ya a8. Malkia anakula d8 kwa cheki, ngome ya a8 inamla, ngome ya d1 inakula tena na mfalme amefungwa. Mwongezee Mweusi askofu e7 na hesabu inavunjika, maana d8 sasa ina walinzi wawili; malkia wako atakufa bure. Askofu mmoja tu. Hesabu kwa kidole kama ni lazima.

Hesabu ikiwa sawa kwa sawa, usikate tamaa. Ndipo mafumbo matamu yanapoanza. Mfano unaofundishwa kuliko yote ni mchezo unaosemwa ulichezwa New Orleans mwaka 1920, kati ya Edwin Adams na Carlos Torre, kijana wa Mexico aliyekuja kuwa mchezaji mkubwa. Wanahistoria kadhaa wanatilia shaka kama ulichezwa kweli au walitunga pamoja, maana Adams alikuwa mwalimu wake. Kwa mazoezi yetu haidhuru, somo lililomo ni kamili.

Baada ya hatua ya 17, Weusi wana mfalme g8, malkia d7, ngome c8 na e8, askofu f6, na askari a5, b7, d6, f7, g7, h7. Weupe wana mfalme g1, malkia d4, ngome e2 na e1, farasi f3, na askari a2, b2, d5, f2, g2, h2. Ngome mbili nyeupe zinaipiga e8. Walinzi wa e8 ni wawili: ngome ya c8 na malkia wa d7. Ukianza kula e8 sasa hivi, mtalana mpaka mwisho na mfalme mweusi atabaki salama. Swali linakuwa jembamba: nitamwondoaje mlinzi mmoja?

Adams anampeleka malkia g4, mbele ya macho ya malkia wa Weusi. Malkia huyo akimla, ametoka kwenye ulinzi. E8 inabaki na mlinzi mmoja mbele ya ngome mbili. Hivyo malkia mweusi anakimbilia b5, ambako bado anaitazama e8 kwa mshazari. Malkia mweupe anaenda c4. Hapo anaweza kuliwa na malkia, anaweza kuliwa na ngome, na hakuna anayethubutu, maana yeyote anayekula anaiacha e8. Malkia mweusi anarudi d7. Malkia mweupe anaingia c7, katikati ya kundi la adui, tena anaweza kuliwa na wawili na tena haliki. Malkia mweusi anarudi b5.

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu ndipo mahali pa kujifunza zaidi. Weupe wanatamani kula b7 mara moja, wamfukuze malkia kwenye mshazari wake. Wakifanya hivyo wamekwisha wao. Malkia mweusi anakula ngome ya e2, na ngome ya e1 ikimla, ngome ya c8 inashuka c1 kwa cheki. Farasi anarudi e1 kuziba, analiwa, ngome nyeupe inakula, nayo inaliwa na ngome ya e8, na anayefungwa safu ya nyuma ni Mweupe. Mfalme wa Adams naye alikuwa na askari watatu wasiosogea mbele yake! Kwa hiyo kwanza anasogeza askari a4. Malkia mweusi anamla. Kisha ngome ya e2 inapanda e4, inamtishia malkia kwenye safu ya nne, na wakati huo huo imetoka pale ilipokuwa inaliwa. Malkia anarudi b5, na sasa ndipo malkia mweupe anakula b7. Malkia mweusi hana tena mraba wa kukaa huku akiitazama e8. Torre alikubali kushindwa.

Ukiucheza mchezo huu kwenye ubao mara tano, polepole, kila mara ukitaja kwa sauti nani analinda e8 kabla ya kila hatua, utakuwa umefanya zaidi ya mafumbo mia ya kubofya haraka haraka kitandani.

Mfano wa pili ni mfupi, na nauleta kwa sababu ya kosa lililo ndani yake, kosa unaloweza kulifanya usiku huu. Moscow, 1914, Ossip Bernstein kwa Weupe dhidi ya José Raúl Capablanca wa Cuba, miaka saba kabla Capablanca hajawa bingwa wa dunia. Bernstein amekula askari wa c3 akiamini amepata cha bure. Baada ya kulana, Weupe wamebaki na mfalme g1, malkia e2, ngome c3 na askari a2, e3, f2, g2, h2. Weusi wana mfalme g8, malkia b6, ngome d8, askari a7, f7, g7, h7. Zamu ya Weusi.

Wanafunzi wangu wengi wanaona mapema kwamba mfalme mweupe hana mlango, na wanakimbilia malkia b1, cheki. Malkia mweupe anarudi f1 na imekwisha. Mbaya zaidi, Mweusi akiendelea kwa tamaa na kushusha ngome d1, ngome nyeupe inapanda c8 na anayefungwa ni yeye. Cheki ya haraka ndiyo mtego mkubwa wa mafumbo haya. Capablanca alimpeleka malkia b2, bila cheki. Malkia mweupe ndiye mlinzi wa d1. Akimla yule wa b2, ngome inashuka d1 na hakuna wa kuziba e1 wala f1. Akirudi e1, malkia mweusi anakula ngome ya c3. Malkia mweupe akila hapo, ngome inashuka d1, malkia anarudi e1 kuziba, analiwa, kwisha. Ngome ikikimbilia c2, malkia mweusi anatoa cheki b1, malkia mweupe anaziba f1, na ngome inaliwa c2. Bernstein aliona na akasimama.

Malkia b2 na malkia wa Adams c4 ni ndugu. Zote ni hatua za kumlisha mlinzi, zote hazina cheki.

Kabla hujabofya, kuna ukaguzi mmoja wa haraka: miraba iliyo kati ya ngome yako na mfalme. Ngome ikitua c8 na Mweusi ana askofu e7, askofu anarudi f8 au d8 na umepoteza muda. Kete inayoingia kati na ikalindwa inaua fumbo zima. Inayoingia kati bila ulinzi, kama malkia wa Bernstein pale e1, inachelewesha hatua moja tu.

Sasa mazoezi. Lichess, tovuti ya sataranji, inakuruhusu kuchagua mafumbo kwa mada au kuyapata yamechanganywa, bure. Usiiache mada kabisa, lakini ifanye kuwa sehemu ndogo: matano ya safu ya nyuma ya kupasha macho moto, kisha matano yaliyochanganywa bila haraka. Kumi na tano kwa usiku, tena ukiwa na usingizi, ni mengi mno. Katika yale yaliyochanganywa, jilazimishe kutamka mambo mawili kabla ya kugusa kioo: mfalme wake anatokea wapi, na nani analinda safu yake. Mengi hayatakuwa ya safu ya nyuma. Ni sawa kabisa. Unalifundisha jicho kuuliza hata pale ambapo jibu ni "hapa hakuna kitu".

Fumbo likikushinda, usiridhike na kuona jibu. Chukua daftari uandike neno moja: mlango, mlinzi, au mzibaji. Yaani hukuona kwamba mraba haukaliki, au hukuona kazi mbili za mlinzi, au ulisahau kete inayoweza kuingia kati. Baada ya wiki mbili utaona neno gani limejirudia, na hapo utajua cha kukazania. Kisha fanya hili, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: badilisha kitu kimoja kwenye fumbo lile lile. Msogeze askari wa h7 hadi h6. Je, bado linafanya kazi? Mhamishe malkia mweusi mraba mmoja. Je, sasa? Mtoto mmoja ninayemfundisha alikuwa kama wewe, hodari wa mada na kipofu wa mchanganyiko. Nilimkataza mafumbo mapya kwa mwezi mzima, nikampa manane tu ya kubadilishabadilisha. Aliporudi kwenye mchanganyiko alianza kuninyooshea kidole kwenye mfalme kabla sijamaliza kupanga kete.

Dalili nyingine utazizoea: farasi na maaskofu wamekwisha na kubaki malkia na ngome, mstari mmoja uko wazi, malkia wa mwenzako amekwenda mbali kutafuta askari, ngome zake zote mbili zimetoka nyumbani. Ukiziona mbili kwa pamoja, simama.

Kuhusu askari wa h, la, usimsogeze kila mchezo. Mapema, malkia wote wakiwa ubaoni na maaskofu wakiitazama pembe ya mfalme wako, h3 inaweza kuwa ndoano ya kukuvutia mashambulizi, na umepoteza hatua ambayo ungeleta farasi. Pia hakuna faida ya kufungua mlango ambao askofu wa mwenzako anautazama. Chagua g3 badala ya h3 ikiwa mraba wa h2 haukaliki. Wakati wake ni pale ngome yako ya mwisho inapotaka kuiacha safu ya kwanza, na hakuna linalowaka kwingine. Kabla hujaiinua ngome hiyo, jiulize: nikiitoa, nani anabaki nyumbani? Kama hakuna, lipa ile hatua moja kwanza. Siku ile Moscow, askari wa Bernstein angekuwa h3 badala ya h2, malkia wa b2 angeliwa, ngome ingeshuka d1 kwa cheki, na mfalme angetoka h2 akiwa na malkia wa ziada.